Uzi: Meja Jenerali John Fugh, Mchina wa Beijing aliyeongoza wanasheria wa jeshi la Marekani, na wosia uliosubiri miaka 46

#1 Tumbatu (mleta uzi)

Wadau, salaam nyingi. Naandika kutoka Virginia, mto mmoja tu kutoka Washington. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na mmoja wa wazee ninaowatunza aliwahi kuwa jeshini. Ndiye aliyenitajia jina la John Fugh kwa mara ya kwanza. Nikaenda kusoma, na nilichokikuta kimenikaa kifuani wiki tatu sasa. Nitakigawa vipande, maana ni kirefu. Mwenye haraka na asome kipande cha tatu, ndicho kilichonifanya nifungue uzi.

Tuanze na nyumba aliyozaliwa, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa.

Kulikuwa na mmishonari mmoja wa Kimarekani, John Leighton Stuart. Yeye mwenyewe alizaliwa Hangzhou, China, mwaka 1876, wazazi wake wakiwa wamishonari wa Kipresbiteri, akakua anaongea Kichina cha pale kama watoto wenzake. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Yenching, Beijing. Akampata kijana mmoja wa Kimanchu kuwa msaidizi wake, Fu Jingbo, ambaye Wamarekani walimwita Philip Fugh. Tangu miaka ya 1920 watu hawa wawili hawakuachana. Waliowajua walisema ni baba na mwana kwa kila kitu ila damu.

John Fugh ni mtoto wa huyo Philip. Alizaliwa Beijing Septemba 1934, jina lake la Kichina Fu Lüren. Herufi zake mbili zina maana ya kukanyaga njia na utu wema, yaani mtu anayeienenda njia ya wema. Mzee Stuart kwake alikuwa babu.

Wajapani walipoingia vitani na Marekani Desemba 1941, Stuart aliwekwa kizuizini Beijing mpaka vita ilipokwisha 1945. Mwaka uliofuata Marekani ikamteua balozi wake China, akaenda Nanjing na Philip pembeni yake. Halafu wakomunisti wakashinda. Agosti 1949 balozi akaondoka, na siku chache baadaye Mao Zedong akatoa makala ya kumuaga kwa jina lake, makala ya dhihaka iliyokuja kusomeshwa mashuleni China kwa miongo mingi. Fikiria: mtu aliyezaliwa pale, aliyemzika mkewe pale, jina lake likawa mfano wa adui midomoni mwa watoto wa shule.

Philip aliondoka na mzee wake. Familia ikafuata 1950. John alikuwa na miaka 15 hivi.

#2 Nyanda za Juu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, swali dogo kabla hujaendelea: Marekani ya miaka hiyo si ilikuwa inawafungia Wachina mlango? Waliingiaje?

#3 Tumbatu

Swali zuri. Sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina ilipitishwa 1882 na haikufutwa mpaka Desemba 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani. Na hata baada ya kufutwa, nafasi za wahamiaji wa Kichina zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Watu 105, kwa taifa la mamia ya mamilioni! Kilichobadilika kweli ni kwamba Mchina sasa aliruhusiwa kuomba uraia. Familia ya Fugh iliingia wakati mlango umefunguliwa upenyo, na ikaingia ikimfuata Philip, aliyetangulia na balozi.

Naendelea.

Kijana akasoma. Georgetown, mahusiano ya kimataifa, akamaliza 1957. Kisha sheria, Chuo Kikuu cha George Washington, akamaliza 1960. Hapo akajiunga na kikosi cha wanasheria wa Jeshi la Nchi Kavu. Kikosi hicho ni kikongwe kuliko nchi yenyewe, kilianzishwa Julai 1775, mwaka mmoja kabla ya tangazo la uhuru wa Marekani.

Jiwekeni kwenye nafasi yake. Ni miaka kumi tu tangu ashuke. Vita vya Korea, ambako Marekani na China zilipigana ana kwa ana, vimesimama 1953 tu. Unavaa sare ya jeshi ambalo juzi lilikuwa likiwalenga risasi watu wa ulikozaliwa. Kila anayekutazama anaona uso wako kwanza, cheo baadaye.

Alitumikia Vietnam, Taiwan, Ulaya, kisha Pentagon. Mwaka 1984 akapandishwa kuwa brigedia jenerali. Huwa anatajwa kuwa Mmarekani mwenye asili ya China wa kwanza kufika ngazi ya jenerali katika Jeshi la Nchi Kavu. Julai 1991 akawa meja jenerali na mwanasheria mkuu wa jeshi lote hilo, wadhifa alioushika mpaka alipostaafu 1993.

#4 Nyanda za Juu

Hapo kwenye "wa kwanza" niongeze jambo, si kwa kukupinga. Yuko Albert Lyman wa Hilo, Hawaii, aliyepandishwa brigedia jenerali mwaka 1942 na kufariki mwaka huohuo. Damu yake ilikuwa mchanganyiko wa Hawaii, China na Wazungu, na mara nyingi anahesabiwa kama jenerali wa kwanza mwenye asili ya Hawaii. Uwanja wa ndege wa Hilo uliwahi kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ukihesabu damu, Lyman alitangulia. Ukihesabu mtu aliyezaliwa China, akaja kama mhamiaji, akapanda ngazi moja moja, ni Fugh.

Nasema hivi kwa sababu orodha za "wa kwanza" huwafuta machotara, na mimi ni chotara.

#5 Tumbatu

Asante sana kwa hilo, mkuu. Nimelipokea. Nitasema Fugh ni wa kwanza kutoka familia ya Kichina pande zote mbili, na Lyman nimemwandika kwenye daftari langu nikamsome vizuri.

#6 Dadisi

Mimi nina mashaka, na naomba mnivumilie. Huyu ni mwanasheria wa jeshi. Tunamsifu kwa nini hasa? Vietnam tunaijua. Vita vya Ghuba tunavijua. Kazi ya mwanasheria wa jeshi si ni kumwandikia kamanda karatasi inayosema "ruksa, piga"?

#7 Askari wa Akiba

Ngoja nimjibu Dadisi, maana hili nimeliishi.

Mimi ni mtoto wa Kilifi. Nilikuja Marekani kusoma. Mwaka 2009 jeshi lilifungua mpango wa kuandikisha wahamiaji waliopo nchini kihalali wenye fani za tiba au lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha. Wakenya na Watanzania wengi tulipitia mlango huo. Nilifanya mtihani wa kuzungumza Kiswahili kwa simu, nikaenda mafunzoni Fort Jackson kule South Carolina, wiki kumi, na nikaapishwa uraia nikiwa bado na kichwa kilichonyolewa. Miaka minne ya utumishi kamili, kisha nikahamia jeshi la akiba.

Sasa, mwanasheria wa jeshi. Watu wanamjua kwenye mahakama ya kijeshi tu, akishtaki au akitetea. Kwa askari wa kawaida mwanasheria ni yule wa ofisi ya msaada wa kisheria kambini, ambaye hakutozi hata senti. Nilikuwa na nyumba ya kupanga nilipopata amri ya kwenda nje ya nchi. Mwenye nyumba akanidai kodi ya miezi saba iliyobaki. Nikaingia ofisini kwa mwanasheria, dada mmoja kepteni, akamwandikia barua ya ukurasa mmoja: sheria ya shirikisho inamruhusu askari aliyepewa amri ya kusafiri kuvunja mkataba wa pango. Yakaisha siku hiyohiyo. Sheria hiyohiyo inazuia riba ya madeni uliyoyachukua kabla ya kuingia jeshini isizidi asilimia 6 ukiwa kwenye utumishi.

Halafu kuna wale wanaokaa na kamanda kwenye hema la operesheni. Hao wana haki ya kusema "hapana, pale ni hospitali". Nimemsikia mmoja akisema hivyo, na kanali akanyamaza. Si kila mara kanali hunyamaza, najua. Lakini bila yule aliyesema hapana, wala pasingekuwa na kunyamaza.

#8 Tumbatu

Dadisi, mashaka yako ni halali, na nataka nikupe jibu la haki badala ya sifa tupu.

Chini ya Fugh, wanasheria wa jeshi walikusanya ripoti ya uhalifu wa kivita uliofanywa na majeshi ya Iraq yalipoikalia Kuwait: mateso, mauaji ya raia zaidi ya elfu moja, mateka wa kigeni waliotumiwa kama ngao. Ripoti ilitolewa hadharani 1993. Ushahidi ulikusanywa kwa utaratibu wa mahakama, ingawa hapakuwa na mahakama ya kuupeleka. Ni kweli kabisa kwamba ripoti ile inahusu makosa ya Iraq tu. Waliopigwa mabomu na Wamarekani hawamo. Mtu akiniuliza kama hilo linanisumbua, nitasema linanisumbua.

Lakini tazama na mengine aliyoyaanzisha. Kitengo cha kwanza cha sheria za mazingira katika jeshi hilo, kwa sababu kambi zilikuwa zimechafua ardhi na maji ya watu. Kitengo cha kwanza cha kufuatilia wizi katika manunuzi ya jeshi, yaani wale makandarasi wanaouza bidhaa hafifu kwa bei ya juu, na askari ndiye analipa kwa roho yake. Na mafunzo ya haki za binadamu kwa wanajeshi wa nchi zinazoendelea. Huyu si mtu aliyekuwa akigonga mihuri tu. Vitengo hivyo vyote vilihitaji jenerali wa kukubali kuchukiwa na watu wenye fedha.

Mimi sisemi ni malaika. Nasema alikuwa kwenye kiti kikubwa na akakitumia.

#9 Dadisi

Nimekuelewa, na nashukuru hukunifokea. Hapo kwenye manunuzi umenigusa, maana nimefanya kazi stoo ya serikali miaka kumi na mmoja. Endelea na kipande cha tatu.

#10 Tumbatu

Kipande cha tatu. Hiki kiandikeni moyoni.

Rudini kwa mzee Stuart. Miezi michache baada ya kufika Marekani 1949 akapatwa na kiharusi. Hakupona kabisa. Mkewe alikwishafariki tangu 1926 na kuzikwa Beijing, kwenye makaburi ya chuo chake. Mzee akabaki mikononi mwa familia ya Fugh, nyumbani kwao Washington. Wakamlisha, wakamwogesha, wakamsukuma kwenye kiti. Miaka kumi na mitatu. Mimi kazi yangu ndiyo hii, nawaambia miaka kumi na mitatu ya kumgeuza mtu kitandani si jambo la kusoma na kupita. Na wao hawakuwa na mshahara.

Kijana John alisoma shule, chuo, sheria, akaingia jeshini, yote hayo mgonjwa yumo ndani ya nyumba.

Stuart akafariki Septemba 1962. Aliacha wosia: majivu yake yarudishwe China, yazikwe kando ya mkewe pale Yenching. Na aliyemwachia jukumu hilo ni Philip.

Itawezekanaje? Marekani na China hazikuwa na uhusiano. Chuo cha Yenching kilishafutwa 1952, na viwanja vyake vikawa vya Chuo Kikuu cha Peking. Marehemu mwenyewe ni yule wa kwenye makala ya Mao. Majivu yakakaa nyumbani kwa Philip. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Nixon kwenda Beijing, Philip alipata ruhusa ya kurudi kuiona China. Miaka ya 1980 ombi la maziko likapelekwa rasmi. Halikufika mwisho. Philip akafariki 1988, na wosia ukamrithi mwanawe.

Nataka mwone hapo. Watu wanarithi nyumba, shamba, deni la duka. Huyu brigedia jenerali wa Marekani alirithi maziko ya mtu.

#11 Mama Zuhura

Mwanangu Tumbatu, umeniliza asubuhi na mapema. Mimi ni mwalimu mstaafu, Tanga. Kwetu mgonjwa wa kiharusi tumemlaza nyumbani miaka minne, na miaka minne tu nyumba nzima tulichakaa.

Kabla hujamaliza, nikuletee mwingine kwenye habari hiihii ya makaburi, kwa sababu umetaja wanaume watupu. Hazel Ying Lee, binti wa Kichina aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1912. Alipata leseni ya urubani mwaka 1932. Akaenda China kutaka kujiunga na jeshi la anga wakati Wajapani wanaisogelea, akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akarudi Marekani, na vita ilipopamba moto akaingia kwenye kikosi cha marubani wanawake waliokuwa wakisafirisha ndege za kivita kutoka viwandani kwenda vituoni. Novemba 1944 alikuwa anatua Great Falls, Montana, ndege yake ikagongana na nyingine. Akafa siku mbili baadaye kwa majeraha ya moto.

Sasa sikilizeni. Wale wanawake walihesabiwa raia, si askari. Walikufa 38, na serikali haikulipia hata kusafirisha maiti. Familia ya Hazel ilikuwa bado na msiba huo mkononi zikaja habari nyingine: kaka yake Victor, aliyekuwa kwenye vifaru, ameuawa Ufaransa. Wakachagua mahali pa kuwazika wote wawili kule Portland. Wenye makaburi wakakataa, wakasema sehemu ile ni ya Wazungu. Familia ikabishana mpaka ikashinda, na wamelala pale juu ya kilima. Wanawake wale walitambuliwa kuwa wanajeshi mwaka 1977.

Nimewafundisha watoto historia miaka 31, sikulijua hili mpaka nimestaafu.

#12 Askari wa Akiba

Shikamoo Mama Zuhura. Asante kwa Hazel. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha nishani yake ya dhahabu kwa Wamarekani wote wenye asili ya China waliopigana Vita Kuu ya Pili. Wanakadiriwa kufika 20,000, na karibu asilimia 40 yao hawakuwa hata raia, kwa sababu ile sheria ya 1882 iliwanyima. Wanapigania nchi ambayo haiwapi cheti! Wengi nishani ilipokuja walishakuwa udongoni.

#13 Mama Zuhura

Marahaba mwanangu. Mungu akulinde.

#14 Tumbatu

Mama Zuhura, shikamoo. Umeukuza uzi huu kuliko nilivyouanza.

Namalizia. Fugh alipovua sare 1993 alikuwa anakaribia miaka 60. Aliingia uwakili wa kawaida, kisha akaenda Beijing kuiongoza McDonnell Douglas upande wa China. Hayo nayapita haraka, ni kazi za kutafuta riziki.

Lililonivuta ni Kamati ya Mia Moja, Committee of 100. Ni jumuiya iliyoundwa 1990 na Wamarekani mashuhuri wenye asili ya China, wakiwemo msanifu majengo I. M. Pei na mpiga sello Yo-Yo Ma. Kazi zake mbili: kuwatetea Wachina wa Marekani wahesabiwe raia kamili, na kuzifanya nchi mbili zisikilizane. Fugh aliingia humo na katika miaka yake ya mwisho akawa mwenyekiti.

Na haikuwa kazi ya kunywa chai. Desemba 1999 mwanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Wen Ho Lee, mzaliwa wa Taiwan, alikamatwa kwa mashtaka 59 huku magazeti yakimwita jasusi wa China. Akafungiwa peke yake miezi tisa. Septemba 2000 akakiri kosa moja tu la namna alivyohifadhi nyaraka, akaachiwa, na jaji akamwomba radhi mbele ya mahakama. Mwaka 2001 Kamati hiyo ilitoa utafiti wa maoni: karibu theluthi moja ya Wamarekani waliohojiwa waliamini kuwa Wachina wa Marekani ni watiifu zaidi kwa China kuliko kwa Marekani. Theluthi moja. Sasa weka mbele ya watu hao meja jenerali aliyetumikia zaidi ya miaka thelathini, aliyezaliwa Beijing, na umwache aongee. Alikuwa jibu linalotembea.

Na wosia? Hakuusahau. Mwaka 2006 katibu wa chama wa mkoa wa Zhejiang, ambao mji wake mkuu ni Hangzhou, alitembelea Marekani. Fugh akamwomba. Katibu huyo aliitwa Xi Jinping. Beijing kulishindikana, basi Hangzhou, alikozaliwa marehemu. Safari hii ikawezekana.

Tarehe 17 Novemba 2008, kwenye makaburi ya Anxian Yuan, Banshan, nje kidogo ya Hangzhou, majivu ya John Leighton Stuart yakawekwa ardhini. Balozi wa Marekani alikuwepo. Jiwe la kaburi halisemi balozi. Linamtaja kama mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Yenching. Fugh alisimama pale akasema ahadi imetimizwa na kwamba sasa mzee Stuart na baba yake wote wawili wanaweza kupumzika. Ni miaka 46 tangu kifo, na 59 tangu ile makala.

Mwaka na nusu baadaye, Mei 2010, Fugh akafariki kwa moyo, ana miaka 75. Amezikwa Arlington, kwenye makaburi ya taifa ya wanajeshi, dakika ishirini kutoka ninapoandikia. Na mwaka 2016, viongozi wa mataifa 20 walipokutana Hangzhou, Xi, sasa rais, aliwasimulia wageni wake kuwa Stuart alizaliwa pale na amelala pale. Yule wa kwenye makala.

Kwa nini nimeandika yote haya? Babu yangu mzaa baba alihama Unguja na kufia Muscat mwaka 1979. Alikuwa akisema kila Ijumaa kwamba anataka kulala Tumbatu, kwenye makaburi ya wazee wake. Kwa dini yetu maiti haingojeshwi, na nauli haikuwepo, akazikwa kulekule siku hiyohiyo. Baba yangu hajawahi kulitaja kaburi hilo bila kutazama chini. Sijui ningefanya nini ningekuwa yeye. Najua tu nilipofika kwenye sentensi ya kwamba ahadi imetimizwa, ilibidi nitoke nje ya gari.

#15 Nyanda za Juu

Pole sana, ndugu. Swali la mwisho kutoka kwangu: mke wa Stuart je? Wosia ulisema kando yake.

#16 Tumbatu

Yeye alizikwa Beijing, mume yuko Hangzhou. Kati yao kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Ile nusu ya wosia haikutimia. Fugh alilijua hilo, na nadhani alikubali alichoweza kukipata kabla naye hajaondoka, maana baba yake aliingoja Beijing mpaka kufa.

#17 Dadisi

Mimi nimerudi kusoma mara mbili. Nilikuja kubishana na jeshi, nimeondoka nikimfikiria yule kijana anayefanya mitihani ya sheria huku mgonjwa anakohoa chumba cha pili. Tumbatu, siku ukienda Arlington niombee picha ya jiwe.

#18 Tumbatu

Nimepanga Jumapili, nikitoka zamu. Nitaileta hapa.

#19 Askari wa Akiba

Wadau, niwaambie jambo. Kila tunapokaribia kusafiri, ofisi ya sheria kambini hutuuliza kama tuna wosia. Mara mbili nimejibu "ninao" wakati sina, ili foleni isogee. Leo nimewapigia. Wamenipa miadi Alhamisi saa nne asubuhi. Karani ameuliza kama nina maelekezo ya mahali pa kuzikwa, nikamwambia andika Kilifi. Akaniomba herufi moja moja. K, i, l, i, f, i. Na msimamizi nimemweka mdogo wangu wa kike, nimempigia usiku huu, amekubali.